Bunduki Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umiliki, kujilinda, uwindaji na mchezo wa shabaha

Maswali haya yanaulizwa na watu wa aina nyingi: wenye maduka ya jumla mjini, wafugaji wa Misungwi na Kwimba, wavuvi wa Ukerewe na Buchosa, vijana wanaopenda shabaha, na wajane walioachiwa bunduki kabatini wasijue waifanye nini. Maswali tumeyapa namba. Jibu likihitaji lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Raia wa kawaida anaruhusiwa kumiliki bunduki Tanzania?

Anaruhusiwa, kwa leseni. Umiliki wa silaha unasimamiwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Sura ya 223. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo mzuri, asiwe na historia ya makosa ya jinai ya kutisha, na awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anajua kuishika na kuitumia silaha kwa usalama. Hakuna anayezaliwa na haki ya kuwa na bunduki hapa kwetu. Serikali inakuamini, na siku ikiona hustahili tena inaichukua.

Leseni ni ya mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Mke, mtoto, shamba boi au mlinzi wako hawaingii ndani ya leseni yako.

2. Nikiwa Mwanza naanzia wapi?

Unaanzia unakoishi. Kwa kawaida maombi hupita kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha kamati ya ulinzi na usalama ya kata, polisi wilaya kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), ngazi ya mkoa, na hatimaye kwa Msajili wa silaha. Kila ngazi inauliza jambo lile lile kwa namna yake: huyu mtu ni nani, anaishije na majirani, na bunduki anaitakia nini?

Ndiyo maana mtu aliyehamia Buhongwa au Igoma juzi, hata mjumbe hamjui, hucheleweshwa. Wanaolalamikia ngazi hizi ni wengi. Mimi naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu jirani anajua kama unapiga watoto wako na kama ukinywa unageuka mtu mwingine. Mambo hayo hayamo kwenye faili lolote.

3. Kuna mtu ameniambia atanipatia leseni haraka nikimpa hela. Nimwamini?

Usimpe hata shilingi. Ada halali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unabaki na risiti. Leseni ya njia ya panya ni sawa na kutokuwa na leseni, na adhabu ya kukutwa na silaha bila leseni imeelezwa swali la 20.

4. Shotigani, raifo na bastola zinatofautianaje?

Shotigani ina mtutu laini ndani. Risasi yake hubeba marisau mengi yanayotawanyika yakitoka, au kipande kimoja kizito. Ile ya kipimo cha 12, ambayo ndiyo walinzi wengi hubeba nje ya maduka na benki, ina mtutu wa upana wa karibu milimita 18.5. Namba hiyo 12 ni ya zamani: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa gololi 12 zilizo sawa, kila gololi inaingia sawasawa kwenye mtutu huo. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unapungua, na shotigani ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12.

Raifo ina mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu. Mifereji huizungusha risasi ili ikae sawa hewani, ndiyo maana inapiga mbali na kwa usahihi. Bastola nayo ina mifereji, lakini mtutu wake ni mfupi na huna bega la kuiegemezea, kwa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuilenga. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanataka bastola kwa sababu inafichika kiunoni. Asiye na mazoezi ya mara kwa mara, hasa akiwa na hofu, hukosa shabaha ya hatua chache tu kwa bastola, na risasi iliyokosa inakwenda kwa mtu mwingine.

5. Bunduki ya upepo je? Si mchezo wa watoto tu?

Si mchezo wa watoto. Inatoboa jicho, na ikipiga karibu inaweza kuua. Usiinunue wala kuiagiza kutoka nje kabla hujapata jibu la polisi, kwa maandishi.

## Usalama na utunzaji

6. Nikumbuke nini kila ninapoishika?

Mambo manne. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi hadi umefungua chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ukatazama kwa macho na kuingiza kidole. Mtutu usielekee kamwe kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kufyatua. Na ujue kilichopo mbele ya shabaha, pembeni yake, na nyuma yake.

Hilo la nne ndilo linaloumiza watu wa huku, kwa sababu ya mawe na maji. Mwanza ni mji wa majabali: Capri Point, Mabatini, Igogo, Kirumba, kila upande ni jiwe. Risasi ikigonga granite haiingii. Inapasuka vipande au inaruka upande mwingine, na hakuna anayeweza kukisia itakapotua. Maji nayo ni hivyo hivyo. Risasi ikigonga uso wa ziwa kwa pembe ndogo haizami, inadunda na kuendelea na safari. Usiku wa giza, ziwa ambalo wewe unaliona tupu lina wavuvi wa dagaa wamekaa kwenye mitumbwi, na taa zao zikizimwa huwaoni. Usilenge kuelekea majini, iwe mchana au usiku.

Sefti, kile kifungio cha kuzuia triga, isikufanye ulegeze lolote kati ya hayo manne. Ni chuma, huchakaa na kukwama.

7. Risasi inafika umbali gani?

Mbali kuliko wengi wanavyodhani. Marisau madogo ya ndege huishia kama mita 200 hadi 300. Risasi ya .22, ambayo watu huiita ndogo, inaweza kwenda karibu kilometa moja na nusu. Ya bastola ya milimita 9 inakaribia kilometa mbili. Raifo kubwa za kuwindia hupitisha kilometa nne. Ukitazama Mwanza na vilima vyake vyenye nyumba hadi juu, mjini hutapata pa kufyatulia raifo pasipo na mtu ndani ya umbali huo.

8. Nyumbani nina watoto. Niitunze vipi?

Ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Bunduki ikae bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine penye ufunguo wake. Ufunguo unakwenda nawe. Chini ya godoro, juu ya kabati, nyuma ya gunia la mchele: watoto wa nyumba yoyote wanapajua hapo pote kabla hata hujarudi kutoka kazini.

Waambie watoto kwamba bunduki ipo na kwamba haiguswi. Wafundishe pia kwamba wakiikuta mahali popote, hata kwa jirani, wasiiguse, waondoke na wamwite mtu mzima. Mtoto aliyefichwa jambo hutafuta, na akipata huonyesha wenzake.

9. Kutu inaisumbua sana bunduki yangu huku ziwani. Nifanyeje?

Hewa ya mwambao ina unyevu mwaka mzima, na masika huwa mbaya zaidi. Hakikisha kwanza haina risasi, kisha pitisha kitambaa ndani ya mtutu, kikauke, upake mafuta ya bunduki kidogo tu. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kukwamisha. Usiiache kwenye mfuko wa ngozi au wa kitambaa, kwa sababu mfuko hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Ikilowa mvua au maji ya ziwa, isilale hivyo hata usiku mmoja. Mtutu ulioliwa na kutu, au wenye tope au kitambaa kilichosahaulika ndani, unaweza kupasukia usoni kwako.

10. Kelele inaweza kuharibu masikio?

Ndiyo, hata mlio mmoja. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na usikivu uliopotea kwa namna hiyo haurudi. Vaa vizibo vya masikio kila unapofanya mazoezi, na miwani ya kukinga macho.

## Kujilinda

11. Sheria inaniruhusu kumpiga risasi mwizi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lililoenea mitaani si sahihi. Watu husema, "Akiingia kwenye fensi yako, ni halali yako." Sivyo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Lakini inakuruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Ukipitiliza, unajibu kwa ulichopitiliza. Na ukiua kwa nguvu iliyopitiliza katika kujilinda, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Haki ya kujilinda hadi kufikia kusababisha kifo inabaki kwa hali nzito, kama pale unapohofia, kwa sababu za msingi, kuuawa, kujeruhiwa vibaya au kubakwa.

Chukua mifano miwili. Saa nane usiku watu wenye mapanga wamevunja mlango wako na wanaingia chumbani ulipo na familia. Hofu yako ina msingi na sheria inakuelewa. Sasa mwingine: kijana amebeba sola yako juu ya paa, umemwona, ameruka ukuta, anakimbia kushuka bondeni. Amekupa mgongo. Ukimfyatulia hapo hujilindi tena, unamwadhibu, na kazi ya kuadhibu ni ya mahakama. Sola hununuliwa nyingine. Ndivyo ilivyo hata kama umeibiwa mara tano na polisi hawajakusaidia. Uchungu wako ni wa kweli, lakini hakimu ataangalia dakika ile uliyofyatua: nani alikuwa hatarini?

12. Nifyatue hewani kwanza kumtisha?

Risasi iliyopanda itashuka. Mwanza nyumba zimepangana juu ya vilima, na bati haliizuii. Ukiwa na nafasi ya kufyatua hewani, mara nyingi una nafasi ya kufunga mlango, kupiga kelele na kupiga simu 112. Kufyatua kwenye harusi, mwaka mpya au ushindi wa mpira hakuna utetezi wowote.

13. Nikiwa nimefyatua na mtu ameumia, nifanye nini?

Hakikisha hatari imekwisha, weka silaha salama, piga 112. Kisha umsaidie uliyempiga. Ndiyo, huyo huyo. Gandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kwa nguvu juu ya jeraha kwa kitambaa kipana na kijiti cha kukazia, na ukumbuke saa uliyofunga. Usichokonoe kutafuta risasi. Awahishwe hospitali iliyo karibu, Sekou Toure au Bugando kama uko mjini. Hospitali itahitaji fomu ya polisi, PF3, lakini majeruhi atangulie kutibiwa na fomu ifuatiliwe na mtu mwingine.

Usiokote maganda ya risasi, usifute damu, usimhamishe marehemu. Subiri polisi, kabidhi silaha na leseni, eleza kilichotokea kwa ukweli, na umtafute wakili kabla ya kuandika maelezo marefu.

14. Kwa hiyo bunduki itanilindia duka langu au haitanilindia?

Mara chache. Majambazi huja wakiwa wameshakusoma: wanajua unafunga saa ngapi, fedha unabeba kwenye mfuko gani, bodaboda wako ni nani. Wanachagua wao dakika ya kukuvamia, na wewe unatakiwa kuitoa bunduki, kuikoki na kulenga huku mmoja amekwisha kukushika shati. Na wakijua unayo, bunduki yenyewe inakuwa kitu cha kuibiwa.

Ningeanza na mambo mengine. Fedha zipelekwe benki au kwenye simu mchana, kwa saa zisizofanana. Taa nje, mlango wa nondo, kufuli mbili, kamera kama uwezo upo. Namba ya polisi kata iwe kwenye simu ya kila mfanyakazi. Na zaidi ya yote, majirani. Usukumani tunalijua hili kuliko wengine. Sungusungu lilipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa na pinde, mishale, filimbi na yowe la mwano, na wezi wa ng'ombe waliokuwa na silaha kali kuliko hizo walishindwa kwa sababu yowe likilia kijiji kizima kilitoka. Sungusungu lilikuwa na makosa yake, kuna watu waliadhibiwa bila haki, na hayo yasirudiwe. Lakini mtaa ambao watu wanatoka wakisikia kelele ni mgumu kuibiwa.

Baada ya hayo yote, kama bado unahitaji silaha, iombe, na ufanye mazoezi.

15. Mimi ni mvuvi. Maharamia wanatupora mashine na nyavu. Naweza kubeba bunduki mtumbwini?

Hasira ya wavuvi inaeleweka. Mashine ya boti ni mtaji wa miaka, na mtu aliyeporwa katikati ya maji anaweza pia kutupwa majini. Hata hivyo leseni unayoomba lazima ieleze sababu na matumizi yako, na kubeba silaha majini ni jambo la kulizungumza na polisi waziwazi kabla.

Kwa upande wa matumizi yenyewe: mtumbwi unayumba, mtutu unayumba nao, na wenzako watatu au wanne wamekaa mbele yako. Maji yanaharibu risasi na bunduki (swali la 9). Wakiwazidi, silaha yako inaongezeka kwenye zao. Wanaofanikiwa kupunguza uporaji wanatoka kwa makundi, mitumbwi ikionana. Wameandikisha namba za mashine kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wao, wana simu zenye chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji, na wanawasiliana na Polisi Wanamaji mapema, kabla mtu hajaporwa.

16. Nimeajiri mlinzi. Nimpe bunduki yangu usiku?

Hapana, na rudi swali la 1. Ukitaka mlinzi mwenye silaha, tafuta kampuni ya ulinzi iliyoruhusiwa kuwa nazo. Uliza wamemfunza wapi mlinzi wao.

## Uwindaji

17. Nikiwa na leseni ya bunduki naweza kuwinda?

Huwezi, mpaka uwe na leseni ya uwindaji chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni hiyo hutaja mnyama, idadi, eneo na muda. Msimu ni kuanzia Julai 1 hadi Desemba 31. Anayesimamia ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na kwa kuanzia mwone ofisa wanyamapori wa wilaya yako.

Hifadhi za Taifa haziwindwi kabisa, na tumezungukwa nazo: Saanane ipo ndani ya jiji, Rubondo ipo ziwani, Serengeti inateremka karibu na ziwa pale Ndabaka, na Burigi-Chato ipo magharibi. Mapori ya akiba kama Maswa na Kijereshi huingii bila kibali. Sheria pia inakataza kuwinda usiku, kuwinda kwa kumulika taa, kufyatua ukiwa ndani ya gari, sumu na mitego ya waya. Mwindaji wa kweli hapigi jike lenye mtoto, na akijeruhi mnyama anamfuatilia hadi ammalize. Kumwacha nyati aliyejeruhiwa vichakani ni kumwachia kifo mchunga ng'ombe atakayepita kesho.

18. Bunduki gani kwa mnyama gani?

Kwa ndege kama kanga na kware ni shotigani yenye marisau madogo. Kwa swala ni raifo ya kati. Kwa nyati, kiboko na tembo kiwango cha chini kinachokubalika ni kaliba (kipenyo cha risasi) ya inchi .375, kwa sababu risasi nyepesi inaishia kwenye ngozi na misuli na mnyama anabaki na maumivu na hasira.

Marisau yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi yaache nyumbani ukiwa karibu na maji. Bata na ndege wengine wa maji humeza changarawe kusaga chakula, huyameza marisau pamoja nazo, na hufa polepole kwa sumu. Mkataba wa kulinda ndege wahamao wa majini, ambao Tanzania ni mwanachama, unataka yaondolewe kwenye maeneo oevu. Tumia ya chuma, kama bunduki yako inayaruhusu. Na ukila nyama iliyopigwa kwa risasi ya madini hayo, kata eneo lote la jeraha utupe, hasa kama mlaji ni mtoto au mama mjamzito.

19. Kiboko anakula mpunga wangu kila usiku, na mamba amechukua mtu mwaloni kwetu. Tuwapige?

Toeni taarifa kwa mtendaji na ofisa wanyamapori siku hiyo hiyo, na TAWA waje na watu wenye silaha na ujuzi unaofaa. Sheria inamwelewa aliyeua mnyama akiokoa maisha yaliyo hatarini papo hapo, lakini lazima atoe taarifa mara moja, na nyama, meno na ngozi vinabaki kuwa mali ya serikali. Meno ya kiboko ni nyara. Ukikutwa nayo ndani, simulizi ya mpunga haitakusaidia.

Shotigani kwa kiboko humjeruhi tu. Mamba naye akiwa majini unaona macho na pua tu, na risasi inadunda (swali la 6). Kinachookoa watu mwaloni ni kutochota maji alfajiri na jioni gizani, kutumia ndoo yenye kamba ndefu, na kizimba cha kuchotea maji, kama vilivyojengwa katika baadhi ya vijiji vya mwambao. Kwa kiboko, usikae kati yake na maji, na usitembee usiku kwenye njia zake za malisho. Aliyeharibiwa mazao au kufiwa ana haki ya kuomba kifuta jasho au kifuta machozi kupitia ofisa wanyamapori. Piga picha, shirikisha mtendaji, usichelewe.

Nyamapori ya kununua ipo kwa njia halali tangu mabucha yake yaliporuhusiwa kwa leseni. Dai risiti. Ile inayouzwa kwenye ndoo usiku ni kesi ya nyara, na muuzaji hatafungwa peke yake.

20. Gobole la babu liko darini. Lina shida?

Lina shida mbili. Ya kwanza, gobole hushindiliwa baruti na vyuma kutoka mdomoni, mtutu mara nyingi ni bomba lisilotengenezwa kwa kazi hiyo, na wapo waliopoteza vidole na macho kwa kupasukiwa. Ya pili, sheria haijali kwamba ni la babu. Kumiliki silaha bila leseni hushtakiwa kama uhujumu uchumi chini ya Sura ya 200, ambako kifungo huanzia miaka 20 hadi 30.

Lisalimishe. Umoja wa Afrika umeuweka Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, na serikali yetu imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha. Usilibebe begani kwenda kituoni. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini, awasiliane na polisi, waje walichukue. Ni vizuri awepo na wakili au mzee wa ukoo.

## Shabaha kama mchezo

21. Kulenga shabaha ni mchezo kweli?

Ni mchezo wa Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896. Kwenye raifo ya upepo ya mita 10, risasi ni ya milimita 4.5 na kidoti cha alama kumi kina upana wa nusu milimita tu. Mshindani anajifunza kupumua, kusimama na kufyatua kati ya mapigo ya moyo. Upande wa shotigani kuna sahani za udongo zenye kipenyo cha milimita 110 zinazorushwa angani. Naupenda mchezo huu kwa sababu unamtoa mtu kwenye ushujaa wa bandia: mwenye papara hapati alama.

22. Nikafanyie mazoezi wapi?

Kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa na polisi, penye ukingo wa udongo nyuma na msimamizi. Waulize kituoni ulikopatia leseni. Korongo la mawe nyuma ya shamba, chupa juu ya jabali, ufukwe usio na watu: vyote vimekwisha kujibiwa swali la 6.

## Mambo magumu

23. Mume wangu amefariki na bunduki iko ndani. Mimi sina leseni.

Pole sana, mama. Usiihamishe na usimpe shemeji akuhifadhie. Funga chumba na utoe taarifa polisi haraka, hata kabla ya arobaini, ukiwa na leseni ya marehemu na, ikipatikana, nakala ya cheti cha kifo. Polisi wataichukua kwa hati ya makabidhiano. Itunze hati hiyo. Mrithi anayeitaka ataomba leseni kwa jina lake, kuanzia swali la 2. Asipopatikana, itauzwa au kuteketezwa kwa utaratibu wa sheria. Bunduki hairithiwi kwa kikao cha ukoo peke yake.

24. Imeibiwa. Naogopa kusema kwa sababu niliiacha kwenye gari.

Sema leo. Silaha yako ikitumika kuua kabla hujatoa taarifa, namba yake italeta polisi mlangoni kwako. Utaulizwa kuhusu uzembe, ndiyo, lakini hilo ni jepesi kuliko kuulizwa kuhusu maiti.

25. Nasafiri nayo. Kuna taratibu gani?

Iwe haina risasi, imefungwa kwenye kasha, leseni mkononi. Kwa ndege mwarifu mwenye ndege unapokata tiketi. Itasafiri kama mzigo wa chini, na risasi kwa kawaida hazizidi kilo 5. Kwa meli au kivuko cha Nansio, ongea na polisi wa bandarini kabla ya kupanda. Kwenye kizuizi barabarani, sema mapema kwamba unayo, mikono ikionekana.

26. Ndugu yangu ana leseni, lakini siku hizi anakunywa sana na anasema maneno ya kukata tamaa. Niingilie?

Ingilia leo. Mtu aliyezama kwenye huzuni, madeni au ugomvi wa ndoa anaweza kuwa na dakika chache mbaya ambazo, bila bunduki karibu, zingepita na angeishi. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua au kumdhuru mtu. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Muombe akubali silaha ikabidhiwe polisi kwa muda. Akikataa, nenda kwa OCD mwenyewe, ueleze unayoyaona. Sheria inaruhusu leseni kusitishwa pale mwenye silaha anapoacha kuwa mtu wa kuaminika nayo. Mpeleke hospitali, Bugando kuna huduma ya afya ya akili. Atakukasirikia, pengine kwa miezi.

27. Watoto wameokota risasi uwanjani. Waitupe ziwani?

Hapana. Wasiigonge wala kuichoma moto. Mtu mzima akae hapo, watoto waondoke, na polisi waitwe waichukue.